Mfumo wa faili: uujenge ndani ya keneli au uuache moduli? Ulinganisho kwa anayejijengea keneli

Skrini nyeusi, maandishi meupe, na mstari wa mwisho ambao hausogei hata ubonyeze nini:

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Aliyewahi kujijengea keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, anaujua mstari huu. Asiyeujua, siku yake inakuja. Mimi mara ya kwanza niliupiga picha kwa simu, nikarudi kwenye keneli ya zamani, nikafungua `make menuconfig`, menyu ya usanidi wa keneli, nikauwekea mfumo wa faili wa ext4 alama ya nyota, yaani ushonwe ndani, nikajenga upya. Mstari uleule. Nikapekua kila kilichoandikwa ext4, nikawasha hata nisivyovijua, nikajenga tena. Mstari uleule. Ext4 haikuwa na kosa lolote. Jibu lilikuwa kwenye zile sifuri mbili mwishoni, na nitazirudia.

Swali lililojificha nyuma ya mkasa huo kila mjenzi wa keneli hulijibu, ajue asijue: draiva ya mfumo wa faili wenye mzizi wa kompyuta iwe `=y`, yaani imeshonwa ndani ya keneli, au iwe `=m`, moduli inayopakiwa baadaye kwa msaada wa initramfs? Kwenye menuconfig tofauti ni kubonyeza Y au M. Asubuhi unapowasha mashine, tofauti inaweza kuwa kubwa kuliko hapo.

Ufunguo ulioachwa ndani ya nyumba

GRUB, programu inayotangulia mashine inapowashwa, ikishaiweka keneli kwenye RAM na kuikabidhi mashine, keneli huanza ikiwa na kile tu kilichomo ndani yake. Lazima iione diski, isome jedwali la patisheni, ielewe mfumo wa faili ulio kwenye patisheni ya mzizi, iupachike kama `/`, kisha iendeshe programu ya kwanza, `init`. Sasa kama draiva ya ext4 ni moduli, faili lake `ext4.ko` linakaa chini ya `/lib/modules`, ndani ya patisheni ileile ya ext4 ambayo keneli haiwezi kuisoma bila hilo faili. Umefunga mlango na ufunguo umebaki ndani.

Hapa wengi huuliza: mbona GRUB imeisoma diski hiyohiyo ikaipata keneli? GRUB ina draiva zake yenyewe, imeziandika kivyake, na haimwachii mtu urithi. Keneli ikishashika usukani inaanza moja.

Njia ya kwanza ya kutoka ni kwamba keneli ibebe ufunguo mfukoni: `CONFIG_EXT4_FS=y` na wenzake wote. Njia ya pili ni kumpa jirani ufunguo wa akiba, na jirani ndiye initramfs: kifurushi kidogo cha cpio kilichobanwa, ambacho GRUB hukipakia pamoja na keneli. Keneli hukifungua kwenye RAM, huendesha `/init` iliyomo, na hiyo ndiyo inayoita moduli, inaitafuta diski, inapachika mzizi wa kweli na kukabidhi kazi.

Unachotakiwa kukijua kabla

Anayechagua `=y` bila initramfs anajitwisha mzigo wa kuijua mashine yake kwa undani. Mfumo wa faili peke yake hautoshi, maana uko juu ya ngazi yenye vidato kadhaa, na kidato kimoja kikikosekana unaanguka. Kwa diski ya NVMe unahitaji `CONFIG_BLK_DEV_NVME=y`. Kwa SATA unahitaji `CONFIG_SATA_AHCI` na `CONFIG_BLK_DEV_SD`, zote mbili. Ya pili husahaulika kwa sababu imekaa upande wa SCSI, na mtu mwenye SATA haoni kwa nini aende huko. Mashine pepe nyingi hutaka `CONFIG_VIRTIO_PCI` na `CONFIG_VIRTIO_BLK`. Kadi za eMMC zina `CONFIG_MMC_BLOCK`. Kuna na laptopu za Intel ambazo BIOS yake imewasha VMD: diski ya NVMe inafichwa nyuma yake, na bila `CONFIG_VMD` keneli hukuapia kwamba mashine haina diski kabisa, hata kama NVMe umeiwekea nyota.

Juu ya hapo weka `CONFIG_EFI_PARTITION` ili jedwali la patisheni la aina ya GPT lisomeke, na `CONFIG_DEVTMPFS` pamoja na `CONFIG_DEVTMPFS_MOUNT`. Hii ya mwisho ina mtego wake: kwenye mashine yenye initramfs haifanyi kazi yoyote, kwa hiyo ukinakili usanidi wa mtu anayetumia initramfs huenda hutaikuta, na kwako bila hiyo `/dev`, saraka ya vifaa, itakuwa tupu.

Upande wa moduli, mzigo huo unabebwa na programu inayotengeneza initramfs: dracut kwenye Fedora, mkinitcpio kwenye Arch, initramfs-tools kwenye Debian. Yenyewe huangalia mzizi wako uko kwenye nini, hukusanya moduli na kila zinachokitegemea. Wewe unabaki na masharti machache: `CONFIG_BLK_DEV_INITRD=y`, na keneli iweze kufungua aina ya mbano uliotumika. Hilo la mbano lisidharauliwe. Zstd kwenye initramfs imekubaliwa kuanzia keneli 5.9 ya mwaka 2020, na ukiibana kwa zstd huku umezima `CONFIG_RD_ZSTD`, keneli itakutana na kifurushi kisichofunguka na utaishia kwenye panic ileile.

Kwa kuijua mashine, basi, initramfs inasamehe zaidi. Ndiyo maana distro, yaani matoleo ya Linux kama Debian na Fedora, zinazotakiwa kuwaka kwenye mashine yoyote duniani haziwezi kuishi bila hiyo. Debian inaiacha ext4 kuwa moduli. Ubuntu imeishona ndani, na bado inatengeneza initramfs.

Jina la mzizi: pale `root=UUID=` inapokusaliti

Kama kuna kipengele kimoja kinachowaangusha wanaohama kutoka njia moja kwenda nyingine, ni hiki. Keneli yenyewe haijui `UUID=`, namba ya utambulisho iliyo ndani ya mfumo wa faili. Haijawahi kuijua. Unapoona `root=UUID=...` kwenye mstari wa amri ya GRUB, anayeitafsiri ni initramfs. Ukiiondoa initramfs na kuacha mstari ulivyo, keneli inasoma neno isilolielewa na kukurudishia sifuri mbili.

Inachokielewa yenyewe ni `PARTUUID=`, ambayo ni namba ya patisheni kwenye jedwali la GPT, wala haihusiani na kilichomo ndani ya patisheni. Pia inaelewa `PARTLABEL=` na majina kama `/dev/nvme0n1p2`. Zote unaziona kwa amri moja:

`lsblk -o NAME,FSTYPE,UUID,PARTUUID`

Majina ya `/dev/sda2` yana tabia ya kuhamahama ukichomeka diski nyingine, kwa hiyo bila initramfs mimi naandika PARTUUID siku zote. Ukitumia `grub-mkconfig`, kwenye `/etc/default/grub` weka `GRUB_DISABLE_LINUX_PARTUUID=false`. Ndiyo, ni kukataa kukataa. Walioiandika walikuwa na sababu zao.

Ongeza na `rootwait`. Bila initramfs hakuna wa kuisubiri diski iamke, na diski ya USB au eMMC inaweza kujitokeza baada ya keneli kushakata tamaa. Neno hilo moja linaiambia keneli isubiri.

Zile sifuri mbili

Sasa nirudi kwenye skrini yangu. Namba zilizo kwenye mabano baada ya `unknown-block` ni za kifaa ambacho keneli ilijaribu kukisoma. `(0,0)` maana yake hakuna kifaa kilichopatikana: ama draiva ya diski haipo, ama jina ulilotoa kwenye `root=` halieleweki. Ningezisoma siku ile, ningejua kwamba kuhangaika na ext4 ni kumfunga kamba ng'ombe asiyekuwepo. Kilichokosekana ni NVMe, niliyoiacha `=m`.

Ukiona `(8,2)`, hali ni nyingine. Nane ni namba ya diski za familia ya `sd`, na mbili hapo ni `sda2`. Ukiona `(259,2)`, mara nyingi ni patisheni ya NVMe. Hapo diski imeonekana, patisheni imeonekana, kilichoshindikana ni kuelewa kilichoandikwa ndani yake. Sasa ndipo uende kwenye menyu ya mifumo ya faili. Juu kidogo ya mstari wa panic keneli huorodhesha patisheni zote ilizoziona, na orodha tupu inasema jambo lilelile kwa lugha nyepesi zaidi.

Hitilafu za njia ya `=y` ndivyo zilivyo: ni katili, hazikupi pa kuandika amri, ila ni chache na zinasomeka. Ukishaipatia mara moja, mashine itawaka hivyohivyo miaka, mpaka ubadilishe diski.

Upande wa initramfs hitilafu ni za aina nyingi zaidi lakini zina huruma. Ikishindwa kuupata mzizi hukuangusha kwenye ganda dogo la amri, na ndani yake unaweza kuandika `blkid`, ukaona diski ipo au haipo, ukajaribu `modprobe nvme`, ukasoma `dmesg`. Na kwa kuwa mzizi bado haujapachikwa, ndiyo nafasi bora ya kuukarabati ukiwa umeharibika, ilimradi `fsck` au `xfs_repair` iwemo kwenye kifurushi.

Inavyoharibika initramfs yenyewe ni hadithi nyingine. Nimeona kwa macho yangu sababu tatu, zote za uzembe wangu. Kusahau `make modules_install`, hivyo kifurushi kikatengenezwa bila moduli za toleo jipya. Kusahau kuitengeneza upya baada ya kubadilisha usanidi. Na ile ya kuchosha kuliko zote: patisheni ya `/boot` kujaa keneli kuukuu, initramfs mpya ikaandikwa nusu, onyo likapita juu ya skrini nikiwa nimeshaandika `reboot`. Siku hizi `df -h /boot` inatangulia kila kitu.

Mfumo wa faili wenyewe una usemi

Si kila mfumo wa faili unakupa uhuru wa kuchagua.

Ext4 na XFS zinakubali njia zote mbili bila kinyongo, na F2FS vilevile. Ukiwa na diski ya zamani ya ext3, usihangaike kutafuta draiva yake: iliondolewa kwenye keneli 4.3 mwaka 2015, na ext4 ndiyo inayoisoma. Mwenye mzizi wa ReiserFS habari zake si nzuri, kwani kuanzia 6.13 ya Januari 2025 haimo tena, si kama `y` wala kama `m`. Huyo ahamishe data akiwa bado na keneli inayoisoma.

Btrfs ina sura mbili. Kwenye diski moja inawaka vizuri bila initramfs, mradi ukumbuke `rootflags=subvol=@` au jina lolote la tawi lako. Ikienea diski mbili au zaidi, lazima mtu aendeshe `btrfs device scan` kwanza ili keneli ijue diski zipi ni ndugu, na keneli haijiendeshei amri hiyo. Kuna watu huorodhesha diski kwa mkono kwenye `rootflags`. Nimewahi kujaribu, nisingemshauri mtu ninayempenda.

ZFS haimo kwenye msimbo wa keneli kwa sababu ya leseni, kwa kawaida hujengwa pembeni kama moduli. Mzizi wa ZFS basi unakupeleka kwenye initramfs, na kila unapopandisha keneli hakikisha kwanza kwamba ZFS uliyonayo inaikubali.

Lililo zito kuliko mfumo wa faili ni kilicho chini yake. Diski iliyosimbwa kwa LUKS inahitaji mtu wa kukuuliza nywila kabla mzizi haujaonekana. LVM, inayogawa diski kwa juzuu badala ya patisheni, inahitaji mtu wa kuamsha juzuu zake. RAID ya `md`, diski kadhaa zilizounganishwa zikawa kama moja, keneli inaweza kuijenga yenyewe ikiwa tu metadata ni ya mtindo wa kale, 0.90, mitindo ya 1.x, ambayo ndiyo inayotumika sasa, inasubiri `mdadm`. Ukiwa na kimojawapo cha hivi vitatu, swali la makala hii limeshajijibu: unatumia initramfs. Ext4 unaweza ukaishona ndani, hakuna ubaya, ila haikuondolei initramfs.

Yanayosemwa sana na uzito wake

Kasi. Watu husema keneli isiyo na initramfs huwaka haraka zaidi. Ni kweli, kuna kazi moja iliyopungua, na `systemd-analyze` itakuonyesha. Kwenye mashine ya kawaida ni tofauti ambayo utaiona kwenye namba kuliko kwenye kiti ulichokalia. Kwenye kifaa kidogo chenye kumbukumbu kiduchu, kinachotakiwa kuwaka mara tu kikipata umeme, hapo ni hoja nzito.

Kumbukumbu. Draiva iliyoshonwa ndani haiwezi kutolewa. Lakini mfumo wa faili wa mzizi hutautoa kamwe, kwa hiyo kwa draiva hii hoja haina maana. Ina maana kwa zile nyingine hamsini unazozishona "kwa tahadhari".

Fimwea, yaani programu ndogo ambayo kifaa chenyewe hupakiwa ili kifanye kazi. Hili halisemwi vya kutosha. Ukishaanza kushona kila kitu ndani, utafikia draiva kama ya kadi ya michoro ambayo inataka faili la fimwea kabla mzizi haujapachikwa, na faili liko kwenye mzizi. Ufunguo tena ndani ya nyumba. Ama uliingize kwenye keneli kwa `CONFIG_EXTRA_FIRMWARE`, ama uiache draiva hiyo iwe moduli. Masasisho ya mikrokodi ya CPU nayo kwa kawaida husafiri na initramfs, kwa hiyo ukiiondoa, yatafutie usafiri mwingine.

Patisheni ndogo inayozuia mlango

Kuna hali inayofanana na kutowaka ila siyo. Mzizi umepachikwa, systemd, ambayo ndiyo `init` ya distro nyingi, imeanza, kisha inakutupa kwenye hali ya dharura. Mara nyingi mhusika ni patisheni ya EFI, ile ya FAT iliyotajwa kwenye `fstab`, orodha ya patisheni za kupachika. Umewasha `CONFIG_VFAT_FS` lakini umesahau jedwali za herufi inazozitegemea, `CONFIG_NLS_CODEPAGE_437` na `CONFIG_NLS_ISO8859_1`, na kwenye `dmesg` kuna lalamiko kuhusu `cp437`. Hapa `=m` inatosha kabisa, kwa kuwa mzizi uko wazi na moduli zinafikika. Neno `nofail` kwenye mstari huo wa `fstab` litaizuia patisheni isiyo ya lazima kuangusha mashine nzima.

Ningechagua ipi

Kwa kompyuta yako mwenyewe, diski moja, ext4 au XFS, bila usimbaji: shona ndani draiva ya diski na mfumo wa faili, na uendelee kutengeneza initramfs. Najua inaonekana kama kuvaa mkanda na kufunga kamba juu yake. Ila ukiwa hivyo, siku initramfs ikitoka nusu au ikikosa moduli, unabonyeza `e` kwenye GRUB, unafuta mstari wa `initrd`, unaandika `root=PARTUUID=...`, na mashine inawaka. Na siku mzizi ukiharibika, ganda la initramfs lipo. Nimeishi na mpangilio huu kwa muda mrefu kuliko mwingine wowote.

Kwa mtu anayejenga keneli moja ya mashine nyingi zisizofanana, usibishane na distro: `=m` na initramfs kamili. Usimwamini hapa `make localmodconfig`; huyo huangalia moduli zilizopakiwa wakati huo kwenye mashine uliyopo na kuzima nyingine zote, na diski ya USB usiyoichomeka leo kesho haitatambulika. Ndugu yake `localyesconfig` hufanya vivyo hivyo lakini hushona zilizobaki ndani, na kwa mashine moja ni mwanzo mzuri.

Kwa kifaa kidogo au mashine pepe ambazo hazibadiliki vifaa, `=y` tupu bila initramfs. Vitu vichache, vinavyojulikana.

Na kwa seva iliyo mbali ambayo huwezi kuifikia kwa mkono, njia yoyote utakayochagua, keneli mpya isiwe chaguo la kudumu siku ya kwanza. Weka `GRUB_DEFAULT=saved`, iweke keneli ya zamani kuwa chaguo la kudumu kwa `grub-set-default`, ichague keneli mpya mara moja tu kwa `grub-reboot`, na kwenye mstari wake wa amri ongeza `panic=10`. Ikianguka, sekunde kumi baadaye itajiwasha upya yenyewe na kurudi kwenye keneli ya zamani, na wewe utaingia kwa SSH kama kawaida na kuona kwa `uname -r` kwamba jaribio halikufaulu.